Skrini ya Kuingilia: Ijiwashe Yenyewe au Isubiri Amri?

Katika ofisi ya chama cha msingi cha korosho, tuseme Newala au Tandahimba, umeme ukikatika na kurudi katikati ya msimu, kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux huwaka upya mbele ya karani mwenye foleni ya wakulima. Je, aikute skrini ya kuingilia yenye picha, au maandishi matupu yanayomtaka ajue pia amri ya kuita mazingira ya picha yenye madirisha?

Wanaotetea maandishi wana hoja nzito. Huduma ya picha hula kumbukumbu, jambo linaloonekana haraka kwenye mashine kuukuu, na kiendeshi cha kadi ya picha kikiharibika baada ya masasisho, mtumiaji huweza kubaki na kioo cheusi. Kwa seva iliyowekwa pembeni, isiyokaliwa na mtu, nakubaliana nao. Kwa karani sikubali, kwa sababu kazi yake ni mizani na stakabadhi, wala hakuajiriwa kukariri amri. Hata hiyo hatari ya kioo cheusi ina njia: mara nyingi Ctrl+Alt+F3 hufungua konsoli ya maandishi, na kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo kompyuta inapowaka, fundi anaweza kuongeza systemd.unit=multi-user.target ili mashine iwake mara hiyo bila picha.

Kinachoniumiza zaidi ni kazi inayoachwa nusu. Fundi aliyesimika Fedora ya seva, aina ya Linux inayokuja bila picha, kisha akaongeza GNOME, mazingira ya madirisha, huandika systemctl enable gdm (gdm ndiyo huduma ya skrini ya kuingilia ya GNOME) na kuondoka akiamini amemaliza. Amri hiyo haiwashi kitu papo hapo. Huweka kiungo kiitwacho display-manager.service, ambacho huitwa pale tu mfumo unapowaka kuelekea graphical.target, yaani hali ya picha. Fedora ya seva huelekea multi-user.target, hali ya maandishi, kwa hiyo kila asubuhi karani atakutana na maandishi yaleyale mpaka mtu atekeleze systemctl set-default graphical.target.

Wapo pia wanaochanganya skrini ya kuingilia inayojiwasha na kuingia bila nywila, ilhali ni mambo mawili tofauti. Skrini inayojiwasha humtaka mtu ajitambulishe. Kuingia bila nywila humfungulia yeyote aliyefika mezani. Kwenye kompyuta yenye hesabu za malipo ya wakulima, la kwanza nalitaka na la pili nalikataa, hata kama umeme umekatika mara tatu siku hiyo na karani amechoka kuandika nywila.