Gongo la Chuma, Mpini wa Mpera

Kila ifikapo Juni mji huu wa Omaha hugeuka. Kwa asiyeujua, uko Nebraska, katikati kabisa ya Marekani, nchi ya mahindi na ng'ombe. Ukiniambia ni Iringa iliyonyang'anywa milima nitakubali. Mwezi huo timu nane za besiboli za vyuo vikuu huja kumalizia ubingwa wao hapa, na imekuwa hivyo tangu 1950. Hoteli zinajaa, bei ya kuegesha gari inapanda bila haya, nami ambaye miezi mingine nabeba maboksi ghalani huchukua zamu za jioni kuuza soda uwanjani. Ndivyo nilivyoujua mchezo huu: kwa masikio. Muuza soda hutazama watu, uwanja anaupa mgongo.

Sauti niliyoisikia mwaka wa kwanza ilinishangaza. Mpigaji akiupata mpira vizuri, watu wote wanasikia "ting'!", kama mtu kaangusha sufuria jikoni. Nilikuwa najua gongo la besiboli ni la mbao (gongo la kupigia, si lile la chupani, ndugu zangu msianze). Na kweli ligi ya kulipwa, ile tunayoiona kwenye televisheni, inataka mbao tupu, kipande kimoja cha mti. Vyuoni wanatumia chuma: alumini iliyo wazi ndani kama bomba. Mzee mmoja wa hapa niliyekuwa nauza naye aliniambia ubishi wa warudi kwenye mbao au wabaki na chuma hauishi, na kwamba nikitaka kumwona Mnebraska mpole amekasirika, niuanzishe.

Basi leo nauanzisha kwa Kiswahili.

Chuma kiliruhusiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 1974. Sababu ilikuwa pesa. Mbao zinavunjika, chuo kinanunua nyingine, zinavunjika tena, chuma kinadumu. Hoja hiyo mtu aliyelelewa Tanzania haelezwi mara mbili. Ndiyo iliyofukuza vyungu jikoni kwa mama yangu ikaleta sufuria.

Lakini sufuria haikuja kubadilisha ladha ya maharage kiasi hicho. Gongo la chuma lilibadilisha mchezo. Ukuta wake mwembamba unabonyea kidogo mpira unapogonga, kisha unaurudisha kwa nguvu, na watengenezaji walishindana nani ataurudisha zaidi. Mwaka 1997 timu ya LSU, chuo kikuu cha Louisiana, ilivusha mpira nje ya uzio, pigo tamu kuliko yote, mara 188 kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata fainali ya hapa Omaha iliisha 21 kwa 14. Mwonyeshe Mmarekani matokeo hayo bila kumtajia mchezo, atadhani ni ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kugongana.

Na pale katikati amesimama mrushaji, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, bila kofia ngumu. Mwaka 2003, huko Montana, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akirusha alipigwa na mpira uliotoka kwenye gongo la chuma, akafa. Baraza la jiji la New York lilipiga marufuku chuma katika mechi za sekondari mwaka 2007. Sisemi mbao haziui. Mpira mgumu ni mpira mgumu. Ila kuna tofauti kati ya hatari iliyo ndani ya mchezo na hatari iliyobuniwa kiwandani ili bidhaa iuzike.

Wakubwa wa mchezo hawakukaa kimya, lazima niwape haki yao. Waliweka kanuni ya uzito: gongo la inchi 33 lisipungue aunsi 30. Mwaka 2011 wakaleta kipimo kipya cha mruko wa mpira, wakitaka chuma kikaribiane na mbao. Kilifanya kazi hata kikapitiliza: mwaka 2014, katika mashindano mazima ya Omaha, mpira ulivuka uzio mara tatu tu. Watu wakalalamika kwamba wanasinzia, basi 2015 wakabadilisha mpira wenyewe, wakapunguza kimo cha mshono ili uruke mbali zaidi. Mwaka 2024 chuo kikuu cha Tennessee wakachukua ubingwa wakiwa wamevusha mara 184 msimu ule. Tumerudi pale pale, tofauti ni nne tu na LSU wa 1997.

Mimi hapo ndipo ninapochoka nao. Miaka yote hiyo, maabara zote hizo, kukifundisha chuma kiige mbao. Ukitaka mbao, si uchukue mbao?

Sasa niseme kinachonifanya niwe na maoni katika jambo lisilonihusu. Baba yangu anachonga mipini. Ya majembe, ya mashoka, zamani hata ya nyundo za mafundi waliokuwa wanajenga shule. Anapenda mpera, mti mdogo uliokomaa polepole, na kabla hajaugusa kwa panga anautazama kama daktari. Anatafuta nyuzi. Nyuzi zikitembea kutoka kichwa hadi mkia bila kutoka ubavuni, mpini utamzika mwenye shamba. Zikikata kona na kutokea pembeni, utavunjika masika ya kwanza, "na wewe mtoto usiseme nimekuuzia mbovu, macho ulikuwa nayo." Nilikua nikiona hizo ni hekaya za mzee.

Kisha nikasoma yaliyowapata wa ligi ya kulipwa. Kwa miaka mingi walitumia mti uitwao eshi. Mwaka 2001 mpigaji wao Barry Bonds alivusha mipira 73 kwa gongo la mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na kila mtu akataka mepo. Magongo yakaanza kupasuka na vipande vyenye ncha kuruka uwanjani kama mikuki. Ilipofika 2008 wakawaita wataalamu wa mbao wa serikali, wakachunguza magongo yaliyovunjika, wakagundua nini? Nyuzi zinatoka ubavuni. Siku hizi gongo la mepo linatiwa doti ya wino kwenye mshikio ili ionekane wino unafuata mwelekeo gani. Nilimpigia baba simu kumweleza. Akasema, "Wamelipwa kwa hilo?"

Kwa hiyo wanaosema mbao zinavunjika wanasema kweli, na mbao zenyewe zina msiba wao: kuna mdudu wa kijani kutoka Asia, aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, anaimaliza mieshi yote ya huku. Timu za daraja la kwanza la vyuo peke yake ni karibu 300. Zote zikirudi kwenye mbao, mti upatikane wapi? Hoja hiyo inaniumiza kichwa kuliko zote. Jibu langu ni dhaifu: mepo upo, na mibirichi, miti mingine ya nchi za baridi, ipo.

Hoja ya pesa ndiyo iliyokufa. Jirani yangu, Mama Furaha, ni Mkongo wa Bukavu, na mwanawe wa pili anacheza chuo kidogo cha hapa. Mwaka juzi alimnunulia gongo la chuma kwa dola 400 na zaidi. Kwa shilingi zetu ni kama milioni moja, ng'ombe huyo. Siku moja ya baridi likapata ufa. Kijana alikuja kwangu, "Mjomba, usimwambie mama," nami nikala njama naye wiki mbili, Mungu anisamehe. Kwa bei ile angepata magongo kadhaa ya mbao mazuri tu. Chuma kilichoingia kwa kisingizio cha kuokoa pesa ndicho sasa kinakula pesa.

Kijana mwenyewe anataka mbao. Kiangazi, anasema, wanafunzi bora huenda Cape Cod, Massachusetts, kwenye ligi iliyorudi kwenye mbao tangu 1985, na wasaka vipaji wanajazana huko kwa sababu mbao hazimbebi mtu. Ukiupiga mpira karibu na mkono, mikono inawaka moto na gongo limebaki nusu. Chuma kinakusamehe, mpira unadondoka nyuma ya walinzi, unapigiwa makofi.

Hata hivyo msinibebee maoni haya hadi nyumbani. Pale sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na kuna mashindano yanayoitwa Koshien ya Tanzania, jina la mashindano ya sekondari ya huko Japani. Kule Uganda watoto wa Lugazi walifika Williamsport, huku Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Mtoto wa kwetu anayeshika gongo moja pamoja na wenzake thelathini, kiwanda cha kumpa lingine hakipo mtaa wa pili. Huyo mpe chuma. Sababu ya 1974, ambayo Marekani imeshakuwa uongo, kwetu bado ni kweli tupu. Wajapani wenyewe wamegawa hivyo: sekondari chuma, vyuo vikuu mbao.

Desemba naenda nyumbani, Mungu akipenda. Kijana wa Mama Furaha amenipa gongo lake la zamani, lile la kabla ya lenye ufa, nilifikishe Dar. Limekaa kwenye kona ya sebule, rangi imebanduka. Kabla sijalipeleka shuleni litapita kwa baba kwanza, na ninajua atakachofanya: ataligonga kwa kucha, ataliweka sikioni, kisha ataniuliza nyuzi ziko wapi.