Kupanga usafiri wa Mwanza kwa simu: tutamsikia nani?

Abiria anayepanda daladala kila siku kutoka Buhongwa au Kishiri anajua mambo ambayo mhandisi hawezi kuyaona akiwa ofisini: kituo kipi hakina taa, jioni gari zinaanza kukatisha ruti saa ngapi, mtaro upi ukifurika watu hushushwa katikati ya barabara. Maarifa hayo ndiyo yanayotafutwa wadau wanapoitwa kutoa maoni. Ubishi uliopo ni kama yakusanywe mtandaoni au ukumbini.

Wanaotetea mtandao wana hoja nzito. Mkutano wa wadau mara nyingi huitishwa asubuhi ya siku ya kazi. Saa hiyo mchuuzi wa dagaa yuko Mwaloni Kirumba, konda yuko mlangoni mwa gari, mama lishe yuko jikoni. Kipaza sauti kinazunguka kwa wamiliki wa magari na viongozi. Simu ingemkuta abiria palepale kituoni. Nairobi, wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu wakirekodi ruti na vituo kwa simu, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya mfumo uliokuwa vichwani mwa makondakta na abiria. Dar es Salaam nako, mradi wa Ramani Huria ulishirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Ila tuangalie vizuri: kote huko kilichokusanywa ni kile watu wanachokiona. Hawakupigishwa kura.

Tofauti hiyo ni kubwa. Fomu ya mtandaoni itajazwa na mwenye simu janja, bando na nafasi ya kutulia. Huyo atalalamikia foleni na kuomba barabara ipanuliwe. Anayeshuka kwa miguu kutoka milima ya Mabatini na ndoo kichwani hatakuwemo kwenye jedwali, na wingi wa majibu utamfanya mpangaji aamini kwamba ameshausikia mji mzima.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Faida yake ni kwamba mtu mmoja hawezi kirahisi kujifanya mia. Lakini konda anayetaka kueleza anachoombwa barabarani atasita, kwa kuwa namba yake ina jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, ila yeye haisomi kabla ya kuamua kunyamaza.

Pamoja na hayo siwezi kusema simu iachwe, na sababu iko ziwani. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Ilikuwa siku ya gulio. Kwamba chombo hujaa siku ya gulio, hilo halihitaji tume kuligundua, kila msafiri wa visiwani analijua. Taarifa ya aina hiyo inatakiwa imfikie mwenye mamlaka ya kuzuia safari kabla kamba haijafunguliwa, na hakuna mkutano wa hadhara unaoweza kuifikisha kwa wakati.

Kwa hiyo simu itumike kuuliza yanayoonekana: gari imekatisha wapi, kivuko kimejaa kiasi gani. Iwe namba ya nyota na reli, ifanye kazi kwenye kitochi bila bando, na jina la mtoa taarifa lisihifadhiwe. Mambo ambayo mmoja akipata mwingine anakosa, kama nauli, mahali pa stendi, au machinga gani aondolewe kando ya barabara, yaamuliwe watu wakitazamana, ila mikutano ihamie jioni, sokoni na stendi.

Na majibu yarudi. Kila kipindi kibandikwe vituoni kilichopokelewa, kilichofanyiwa kazi, na kilichokataliwa kwa sababu gani. Ofisi isiyo tayari kubandika karatasi hiyo pale Buzuruga isiwaombe watu maoni kwa simu.