Kapasita Zimevimba, Nami Nimevimba

Hapa Moshi ukisema umevimbiwa au umevimba, jirani atakuuliza kwanza kama umekwenda hospitali. Mimi kilichovimba ni kapasita za kompyuta ya mezani, yale makopo madogo ya alumini ya kuhifadhi umeme kidogo na kuutuliza, yaliyopangwa kando ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambayo vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vyangu vimetuna, na kimoja kimepasuka palipochongwa alama ya msalaba, kikatoa ute wa kahawia uliogandia kwenye bodi, lile bamba linaloshika vipuri vyote. Kwa muda mrefu kompyuta ilikuwa ikiwaka na kujizima itakavyo, na nyumba nzima ikaulaumu umeme, kwa sababu umeme wetu una sifa mbaya kiasi kwamba hata usipokuwa na hatia haupewi dhamana.

Fundi wa mjini hakufungua hata skrubu moja. Aliitazama kasha, akanitazama mimi, akasema: "Mzee, bodi imekufa, nunua nyingine." Zamani fundi alikuwa mtu wa kutengeneza, huyu kazi yake ni kutangaza misiba.

Na maradhi yenyewe yanajulikana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya muongo uliofuata, kapasita nyingi, hasa za kutoka Taiwan, zilijazwa elektrolaiti mbovu, yaani kimiminika cha ndani kinachopitisha umeme, iliyozalisha gesi ndani mpaka vichwa vikatuna. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kubadilisha bodi zilizoathirika. Mimi nilitenga shilingi elfu kumi, na mama watoto akataka kujua zinatoka fungu gani.

Dukani niliomba kapasita za maikrofaradi 1500 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi umeme), volti 6.3, zenye ukinzani mdogo wa ndani, kwa kuwa mkondo unaoilisha prosesa hukatwa na kuunganishwa maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na kapasita ya redio hupata joto ikafa mapema. Muuzaji akanipa moja nene kama kidole gumba, ya volti 35: "Chukua hii mzee, volti zake nyingi, umefaidika." Ni kweli kwamba volti za ziada hazidhuru, lakini ningeiweka wapi, sebuleni?

Zilipopatikana zinazofaa, bodi nayo ikaanza kiburi chake. Ina matabaka ya shaba ndani, na matabaka hayo hunyonya joto lote la chuma cha kuchomea, hivyo unabaki umeinama hapo jasho likikutoka huku risasi ya kulehemu ikikutazama bila kuyeyuka. Dawa ni kuongeza risasi ya kawaida juu ya ile ya kiwandani, ili mchanganyiko uyeyuke kwa joto dogo zaidi, kisha kuibembeleza kapasita mguu mmoja baada ya mwingine hadi itoke. Matundu nikayazibua kwa vijiti vya kuchokonolea meno, kwa sababu kijiti hakishikwi na risasi; lakini usiku huo wageni walikuja kula nyama, nikaulizwa mbele yao vijiti vimekwenda wapi.

"Baba watoto, hii harufu ni ya chakula au ni ya hiyo maiti yako?" Nilifungua dirisha bila kujibu, maana nilikuwa nahakikisha mstari wa upande wa hasi. Huo ukigeuzwa, kapasita huweza kulipuka, na hapo majirani wangepata habari ya kweli ya kuvimba. Umeme ukakatika chuma kikiwa mkononi. Nilikaa gizani nikikipulizia ili nisiharibu meza, jambo ambalo halikusaidia meza.

Kompyuta sasa inawaka na haijizimi. Habari zimeshafika kwa jirani wa upande wa pili, ambaye miezi yote hiyo hakunisaidia hata tochi, na tayari ameniletea sabufa yake inayonguruma, eti ni kapasita tu, dakika mbili. Nimemwambia aiache barazani, anunue kapasita mwenyewe, na aje na vijiti vyake.