Nani Atakuja Kunizika? Makanisa ya Malindi Baada ya Shakahola

Jumapili kila kanisa hapa Malindi linajua kukaribisha. Mgeni huombwa asimame, akapigiwa makofi. Nani hasa ni wa kanisa na nani si wake, mimi nimeliona mazikoni.

Mjomba wangu alifariki akiwa hajakanyaga kanisa lake kwa miaka mingi. Mchungaji alikataa kuja. Daftari la fungu la kumi lilifunguliwa mbele ya mama, mstari wa jina la kaka yake ukaonekana mtupu. Uchungu ule bado ninao. Lakini mzee mmoja wa kanisa lilelile aliniambia neno lililonikaa: "Mwanangu, alipokuwa hai alituambia hataki kanisa letu. Tukimwimbia nyimbo zetu leo hawezi kujibu, tutakuwa tumemheshimu kweli?"

Hoja hiyo ina uzito. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba walio nje wataamuliwa na Mungu. Kanisa liwaangalie walio ndani. Tena sisi tunaolalamika husahau kwamba ni washirika haohao wanaochanga pesa za jeneza, turubai na mochari familia inapokwama. Mjane aliye mbali na kwao, kanisa ndilo ukoo wake. Kinachonishinda ni lile daftari. Kumwacha marehemu na uamuzi wake ni jambo moja. Kumdai mbele ya dada yake anayelia ni jingine.

Kuna jambo zito zaidi. Makanisa mengi ya uamsho huwakataza washirika kwenda hanga, yaani matanga ya Kigiriama, kwa sababu ya ngoma, pombe ya mnazi na matambiko. Sababu naielewa, maana aliyeokoka hawezi kuombwa ashiriki tambiko. Ila kwetu asiyeonekana hangani amejitoa katika ukoo. Akifiwa yeye, nani atamchimbia kaburi? Basi anabaki na kanisa tu. Mchungaji akiwa mwema, atatunzwa vizuri. Akiwa mbaya, hana pa kukimbilia.

Shakahola niliielewa kwa njia hiyo. Mhubiri Paul Mackenzie alifunga kanisa lake la Furunzi, hapa Malindi, mwaka 2019, na wafuasi wakahamia msitu wa Shakahola, mbali na shule, hospitali na jamaa. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Mackenzie alikana mashtaka. Makaburi hayakuwa na majina. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA.

Tangu hapo wachungaji wa makanisa madogo wanalalamika kwamba wanapimwa kwa kosa lisilo lao, na wana haki kulalamika. Kanisa la Mackenzie lilikuwa limesajiliwa. Cheti hakikumwokoa mtu. Lakini wanaposema serikali na majirani wasiulize yanayotendeka ndani, hapo siwafuati. Swali ningependa liulizwe kila kanisa, kubwa kwa dogo: ndugu wa mshirika, Mwislamu au mfuasi wa dini ya jadi ya kaya, akija kumtafuta mtu wake, anafunguliwa mlango?

Mji huu una historia yake katika hili. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita hapa na merikebu ya Wareno, akamzika mtu mmoja wa merikebu hiyo. Aliandika mwenyewe kwamba Waislamu wa Malindi waliyatazama maziko yale wakapendezwa nayo. Kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti kingali pale karibu na Shella, na makaburi uani.

Mjomba tulimzika wenyewe, kaka yangu akasoma Zaburi. Tulipoanza kufukia, yule mzee wa kanisa alitokea peke yake, bila Biblia wala kola. Alimpa mama pole, akavua viatu, akaomba sepetu.