Raha ya Tottenham, presha ya Kwa Mkapa

Mimi si mtu wa futiboli ya Kimarekani. Lakini NFL, ligi yao kubwa, inapokuja kucheza hapa London, natafuta tiketi, na nikiikosa nakwenda tu Tottenham kuzurura nje ya uwanja. Raha ipo hata huko nje.

Mechi za ligi walianza kuzicheza Wembley mwaka 2007, na tangu 2019 wanacheza Tottenham pia. Siku ya mechi, ukitoka kituo cha Seven Sisters, barabara ya High Road ni jezi tupu. Na hapo ndipo mtu aliyekulia Dar anapigwa na butwaa: jezi zenyewe si za timu mbili zinazocheza. Ligi ina timu 32, na barabarani utaziona karibu zote. Jamaa kavaa Dallas, mkewe Green Bay, mtoto kabebwa mabegani na jezi ya Kansas City, na siku hiyo anayecheza ni Jacksonville. Hakuna anayewauliza wamefuata nini. Ndani wanakaa mchanganyiko, bia mkononi mpaka kitini, wakati kwenye soka la ligi kubwa hapa Uingereza sheria ya 1985 inakataza kunywa pombe mahali unapouona uwanja.

Uwanja nao ni wa aina yake. Nyasi za Spurs, timu ya soka ya Tottenham, zinagawanyika vipande vitatu na kuingizwa chini ya jukwaa la kusini, panabaki nyasi bandia za Wamarekani.

Kwa utulivu wametuzidi, tukubali. Mama na wanawe wanaingia saa nane mchana na wana viti vyao vinawasubiri. Kwetu Dar, siku ya Simba na Yanga, watu wanaingia Kwa Mkapa, uwanja wa Benjamin Mkapa, asubuhi kungoja mechi ya jioni, jua la utosi, na dada yangu, Simba wa kulia machozi, anaona bora aangalie nyumbani na watoto. Hilo linaniuma.

Ila muda ukiisha Tottenham, aliyefungwa anapiga picha, ananunua chakula, anakwenda zake. Kesho kazini hakuna anayemsubiri. Derby ya Kariakoo, hiyo ya Simba na Yanga, inachezwa wiki nzima kabla ya mpira kuanza: kwenye daladala, saluni, kwa muuza kahawa. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, kwa hiyo ugomvi huu tumeurithi kwa mababu. Baba yangu Yanga ikifungwa hagusi chakula cha usiku. Saa tano usiku mjomba anapiga simu, salamu hana, anauliza tu: "Shemeji, mmelala?"

Kitu hicho London hawana pa kukinunua. Timu zinapanda ndege, mji unabaki haudaiwi na mtu.

Ratiba ya derby ikitoka mapema nakata tiketi ya ndege. Nitakaa upande wa kijani na njano, juani, na dada nitamshawishi aje na jezi yake nyekundu. Tukifungwa, simu ya mjomba nitaipokea mimi.