Namba ya umri kwenye muvi ni ya nchi gani?

Basi la Dar likishaiacha Uyole na abiria wakatulia, konda huchomeka flashi, kioo cha mbele kikawaka, na kutoka hapo mpaka Kitonga watu hamsini na ushee wanaangalia kitu kimoja. Yupo bibi anayekwenda kuona wajukuu, yupo mwanachuo, yupo mtoto wa miaka minne aliyepakatwa na mama yake. Mwanzoni kabisa hupita alama: PG-13, au 15, au duara dogo la njano lenye 19 ndani. Hakuna anayeijali. Abiria akilalamika, jibu la konda linajulikana: "Hii haina mambo ya ajabu, ni mapigano tu." Watu wanachinjwa tangu Igurusi mpaka Makambako, lakini mambo ya ajabu haina.

Tusimcheke konda. Hivyo ndivyo nchi zote zinavyopanga madaraja ya filamu: kila moja ina "mambo ya ajabu" yake, na yaliyobaki inayaita mapigano tu. Namba unayoiona wameiweka watu fulani, wa nchi fulani, waliokaa wakakubaliana nini kiwatishe. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunapokea muvi za Marekani, India, Korea na Nigeria zikiwa zimerundikwa kwenye flashi moja. Kuisoma namba bila kujua mwenyewe ni nani ni kama kusoma bei bila kujua ni ya kwacha au ya shilingi. Watu wa Tunduma wananielewa.

Tuanze na Marekani, maana ndiyo iliyojaa kwenye flashi. Mfumo wao ulianza Novemba 1968, nao si wa serikali. Ni wa chama cha kampuni kubwa za filamu, na wanaopiga kura ya daraja ni wazazi walioajiriwa kwa kazi hiyo. Madaraja ni matano: G (ya watu wote), PG, PG-13, R na NC-17. Inayopotosha wengi ni R. Watu huidhani ni ya wakubwa tu. Sivyo: aliye chini ya miaka 17 anaingia kwenye R ilimradi yupo na mzazi au mlezi mtu mzima. Baba akiamua kumpeleka mtoto wa miaka mitano, kanuni ya daraja haimzuii. Inayomfungia mtoto mlango kabisa ni NC-17, iliyokuja mwaka 1990 kuchukua nafasi ya X, daraja la zamani la wakubwa tu.

PG-13 haikuwapo kabla ya Julai 1984. Mwaka huo Indiana Jones and the Temple of Doom, ambamo mtu anang'olewa moyo kifuani kwa mkono, iliingia kwenye sinema ikiwa na PG, yaani mzazi ajiangalizie mwenyewe. Wazazi wakaja juu, ndipo likatengenezwa daraja la kati, la kumwonya vikali mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka 13. Tangu hapo daraja hilo limekuwa gunia lisilojaa. Unaweza kubomoa mji mzima humo na kuua maelfu ya watu, mradi damu isionekane sana. Lakini lile tusi kubwa la Kiingereza likitamkwa zaidi ya mara moja, kwa kawaida filamu inapandishwa hadi R. Likitumika kwa maana yake ya kitandani, mara moja tu inatosha.

Mfano mzuri ni The King's Speech ya mwaka 2010. Ni habari ya mfalme mwenye kigugumizi anayefundishwa kuongea. Hakuna anayepigwa, hakuna anayevuliwa nguo. Ila kwenye mazoezi mwalimu anamwachia mfalme atukane mfululizo ili ulimi ufunguke. Marekani wakaipa R. Uingereza walianza na 15, wenye filamu wakakata rufaa, ikashuka hadi 12A. Sasa mweke mtoto wa Mwanjelwa asiyejua Kiingereza mbele ya filamu hiyo: yale matusi hayamfikii, atasinzia. Mweke mbele ya PG-13 ya watu wanaoteketezwa kwa mabomu, na kila kitu kinamfikia, kwa sababu mlipuko hauhitaji mkalimani. Kwa hiyo namba za Marekani, zikifika kwetu, huwa kali pasipohitaji ukali na legevu panapohitaji.

Uingereza wana bodi yao, BBFC, tangu 1912. Kwao 12A ni kwamba aliye chini ya miaka 12 aingie na mtu mzima. Lakini 15 ni 15 na 18 ni 18. Mzazi hata akija na cheti cha kuzaliwa na mchungaji wa kumdhamini, mtoto haingii. Tena mwenye neno la mwisho kisheria kuhusu sinema si bodi bali halmashauri ya mji husika, inayoweza kuipandisha au kuishusha filamu ndani ya mipaka yake. Kitu kingine wanachofanya, na nchi nyingi hazifanyi, ni kurudi nyuma. Mary Poppins ya mwaka 1964 ilikuwa U, ya watu wote, kwa miongo mingi. Mwaka 2024 wakaipandisha hadi PG kwa sababu ya neno moja la dharau ambalo wazungu waliwaita Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Filamu ni ileile, hofu ndiyo iliyobadilika.

Ujerumani inanivutia zaidi kwa upande wa utekelezaji. Madaraja yao ni 0, 6, 12, 16 na 18, kila moja na rangi yake: nyeupe, njano, kijani, bluu, nyekundu. Hapo wamefikiria pia saa. Kwa sheria yao ya kulinda vijana, mtoto wa miaka sita na kuendelea asiye na mzazi anaruhusiwa kwenye onyesho linaloisha kabla ya saa 2 usiku, aliye chini ya miaka 16 mwisho ni saa 4, wa 16 na 17 mwisho saa 6. Chini ya miaka sita haingii bila mzazi, hata kama ni katuni ya sungura. Wenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea muvi, wa Soweto na Mafiati hapa Mbeya wangechukua kipengele hiki kimoja tu, nusu ya ugomvi wao na wazazi ingekwisha.

Sweden wana hadithi ndefu, maana walianza ukaguzi wa serikali mwaka 1911 na wakauacha kwa filamu za watu wazima mwaka 2011. Namba yao ya juu ni 15. Hawana 18 kabisa. Ngono haiwasumbui sana, vitisho kwa mtoto ndivyo vinavyowasumbua, kiasi kwamba mwaka 1982 waliipa filamu ya E.T. namba 11, wakati Uingereza iliipa U. Ufaransa nao huachia karibu kila kitu kwa watu wote, lakini wakifunga wamefunga: 12, 16 au 18, na mzazi hasaidii. Joker ya mwaka 2019 ilipata 12 Ufaransa, 15 Uingereza, 16 Ujerumani na R Marekani. Mwuza muvi akikuambia "hii ni ya miaka kumi na mbili," muulize kwa nani.

Za India zina U, UA, A na S. A ni watu wazima, S ni watu wa fani maalumu kama madaktari. UA, yaani mtoto aongozwe na mzazi, ilikuwa kapu moja hadi sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, ikagawanywa kuwa 7, 13 na 16. Kwa hiyo UA ya filamu ya zamani haikuambii lolote la maana. Ile duara ya njano kwenye sizoni za Kikorea, ambayo wengi huidhani ni nembo ya chaneli, ndiyo daraja lenyewe: 7, 12, 15 au 19. Na ukiona TV-MA kwenye sizoni ya Marekani, huo ni mfumo mwingine, wa televisheni, na maana yake ni watazamaji waliokomaa. Wenye ving'amuzi vyenye chaneli za Afrika Kusini wana bahati zaidi, maana namba hufuatwa na herufi za sababu: V ni ukatili, L ni lugha chafu, S ngono, N utupu, H kutisha, D dawa za kulevya, P ubaguzi.

Hizo herufi zina thamani kuliko namba. "16" peke yake inakuacha gizani, ila "16 L" mbele ya watoto wasiojua Kiingereza ni jambo moja na "16 VH" ni jambo jingine kabisa. Uholanzi tangu 2001 wanatumia michoro: ngumi kwa ukatili, buibui kwa kutisha. Kibanda cha Mwangata au Tukuyu chenye ubao na chaki kinaweza kufanya hivyo leo bila kibali cha yeyote. Chora ngumi, chora buibui, mzazi asiyejua kusoma ataelewa akiwa mlangoni.

Kwetu kibali chenyewe kipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, ndiyo inayoipa Bodi ya Filamu kazi ya kukagua na kupanga madaraja Tanzania Bara. Zanzibar wana chombo chao, BASSFU. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Karatasi haina upungufu mkubwa. Upungufu uko njiani. Bodi inapanga daraja la nakala iliyopelekwa kwake, na muvi inayochezwa kibandani haikupita huko. Ilitoka kwenye kompyuta ya mwuza muvi, ambaye aliitoa kwenye intaneti, ambako iliwekwa na mtu asiyejulikana.

Halafu kuna muvi za kutafsiri, na hapa ndipo mifumo yote niliyoitaja inapovunjika. DJ anapunguza sauti ya asili, anashika maiki, anasimulia. Anambatiza mhusika jina la mtaani, anatia utani, na akinogewa anatia tusi ambalo kwenye filamu halikuwapo. Filamu iliyokuwa PG kwa sababu ya lugha safi sasa ina lugha ya kijiweni, tena kwa Kiswahili, ambacho mtoto anakielewa neno kwa neno. Upande mwingine DJ huyohuyo huruka busu kwa aibu lakini panga likipita shingoni anarudisha nyuma ili walioenda chooni waone. Mara nyingi dakika za mwanzo hukatwa, alama ya daraja ikaondoka nazo, na nembo ya DJ ikakaa palepale kwenye kona penye duara la Wakorea. Muvi ya kutafsiri ni kazi mpya na ilistahili kupangwa upya. Mpaka hilo litokee, ichukuliwe kuwa haina daraja lolote, hata kama ile ya asili ilikuwa ya watoto wa chekechea.

Mwenye kibanda, mwuza muvi au mzazi anaweza kuipima muvi kwa dakika tano. Aanze na jina la faili. Likiwa na neno UNRATED, EXTENDED au DIRECTOR'S CUT, namba ya kwenye bango haihusiki, maana iliyopangwa ni nakala ya sinema na hii imeongezwa vipande. Kisha atafute jina pamoja na mwaka, kwa sababu filamu mbili zenye jina moja ni kawaida, na mtu husoma daraja la ya 1990 akaonyesha ya 2019. Kwenye tovuti ya BBFC ataona sababu zimeandikwa kwa kirefu. IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, ina ukurasa wa wazazi wenye madaraja ya nchi nyingi kwa pamoja. Marekani na Ujerumani zikipishana sana, ajiulize tofauti ni lugha au ni damu. Ikiwa ni damu, amfuate Mjerumani. Mwisho aruke hadi katikati na robo ya mwisho, atazame dakika mbili mbili. Kosa la kawaida ni kutazama dakika kumi za mwanzo, ambazo karibu kila filamu huwa ni familia inakula chakula.

Pasaka nayo ina mtego wake. The Passion of the Christ hutolewa sebuleni watoto wote wamekaa mkekani, kwa sababu ni habari ya Yesu. Marekani ni R, Uingereza ni 18, na sababu ni ile sehemu ya mijeledi, ndefu na ya karibu mno. Habari mtoto anaijua tangu Sunday school. Ngozi inayochunwa hajawahi kuiona.

Kwa basi hakuna haja ya hesabu ndefu. Kioo ni kimoja na hakuna mlango wa kumzuia mtu, kwa hiyo umri wa basi ni umri wa abiria mdogo kuliko wote. Konda awe na flashi mbili: ya barabarani na ya kwake nyumbani. Vichekesho, mpira, kwaya, wanyama, vinatosha kufika Ilula. Na akiingia Mikumi azime kabisa, twiga wako dirishani.