Gari Linagonga, Fundi Hasikii

Gari langu linagonga. Nasema waziwazi, maana hata nikilifichia siri, lenyewe litajitangaza kwenye tuta la kwanza. Mlio wenyewe ni “kdu”, mfupi na mzito, unatoka mbele upande wa abiria, na tangu uanze nimebaini kwamba kila binadamu aliyewahi kukalia kiti cha gari ni bingwa wa sasipensheni, yaani springi na viungo vyote vinavyoyashika magurudumu. Mama mkwe, ambaye siku zote alikuwa akisinzia safarini, sasa yu macho njia nzima na hukumu yake ni moja: “Mkwe, hiyo ni shokapu.” Shemeji anasema ni bushi, ile raba ya kwenye maungio. Jirani, ambaye gari lake limekaa juu ya matofali tangu nimfahamu, anainama, anachungulia chini ya bampa, anainuka akijipangusa magoti na kutamka, “Hapo hakuna ujanja, badilisha zote.” Mwenye kuzilipia hizo zote simsikii akitajwa.

Afadhali mlio huo ungekuwa na msimamo. Nikiwa peke yangu unagonga kila penye kokoto. Nikimpakia fundi ili ausikie kwa masikio yake, gari linapita juu ya mashimo yale yale kimya kimya, na fundi ananitazama kwa jicho wanalotazamwa nalo wagonjwa wa kujisingizia. “Bosi, mbona halina kitu?” Anashuka, nakata kona ya kutokea getini, “kdu”. Nilikwisha kuamini kwamba gari linanichukia, kumbe maelezo yapo. Mtu mzima akikaa upande wenye hitilafu, uzito wake huweza kukibana kiungo kilicholegea kikatulia. Na tuta, ambalo kila fundi hupenda kulifanya kipimo, huyanyanyua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo ile fimbo ya stabilaiza inayoyaunganisha haisokotwi, na linki yake iliyochoka, kile kijiti kinachoifunga fimbo hiyo upande wa gurudumu, haina sababu ya kupiga kelele. Gurudumu moja litumbukie shimoni na jingine libaki juu, hapo ndipo linki inavutwa na kusukumwa mpaka inasema ukweli. Anayetaka kuisikia linki mbovu alipite tuta kwa mshazari, polepole, vioo vimeshushwa na redio imezimwa. Akishindwa kufanya hivyo, asiniambie kuwa naota.

Shokapu ndiye mshtakiwa wa kwanza katika kila kesi ya chini ya gari, na mimi nimekuwa wakili wake bila malipo. Uzito wa gari haubebwi na shokapu. Unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya kubonyezwa: ndani yake pistoni huilazimisha oili ipite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko ikageuka kuwa joto. Oili ikivuja au vali za ndani zikilika, springi inabaki bila wa kuikemea. Hapo gari huendelea kupanda na kushuka hata tuta lilipokwisha kusahaulika, pua yake huinama mno breki ikikanyagwa, kona hulilaza ubavu, tairi hulika kwa mabonde mabonde kuzunguka mwili wake, na shokapu yenyewe huonekana imelowa oili iliyokamata vumbi. Unyevu mwepesi sehemu ya juu si hukumu ya kifo, ingawa nimeshuhudia mafundi wakiupangusa kwa kidole na kunionyesha kidole hicho kwa huzuni kubwa.

Kisha kuna kile kipimo ambacho kila mpita njia ana leseni nacho, cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono miwili na kuiachia ghafla. Ikipanda na kutulia, uzima upo. Ikiendelea kudunda, shokapu imekwisha. Kipimo ni halali, ila huzikamata zile zilizokufa kabisa tu, na kina hasara moja ambayo hakuna anayeisema: hakuna mtu anayeridhika na mkandamizo wa mwenzake. Atakuja wa pili, atakuja wa tatu, na mwishowe kona zote nne zina watu wanaolidundisha gari langu huku wakibishana, na bodi inaanza kupata mabonde ambayo haikuja nayo gereji.

Kama kuna mtu ninayetamani kumhoji, ni mhandisi wa Marekani Earle MacPherson. Bwana huyu, katika miaka ya 1940, alibuni mguu unaoziweka springi na shokapu pamoja kwenye nguzo moja, na kampuni ya Ford ikauingiza kwenye magari ya Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waunda magari waliupenda kwa kuwa una vipande vichache na hauli nafasi, na leo umeenea kwenye magari madogo ya dunia nzima. Mimi nimeachiwa upande wa pili wa furaha yao: ili shokapu itoke, lazima kwanza springi ibanwe kwa kifaa chake maalumu, na springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kumvunja mtu taya. Nimemwona kijana mmoja akiibana kwa waya na imani. Nilirudi nyuma nikasimama upande wa pili wa ukuta. Akacheka, akasema mimi ni mwoga, na nilimjibu kutoka kule kule kwamba ni kweli.

Fundi mwenye akili hashiki maneno ya watu. Anashika jeki na stendi. Gurudumu likishaning'inia, hulikamata juu na chini akalitikisa. Likicheza, mtuhumiwa ni boli jointi, kifundo kinacholiwezesha gurudumu kugeuka na kupanda, au beringi, na ili kuwatenganisha humwomba mtu akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ni beringi. Akilikamata kushoto na kulia likacheza, huitazama tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu kwa amri ya usukani. Halafu huchomeka mtaimbo penye bushi ya mkono wa chini, kile chuma kinacholishika gurudumu kutoka chini ya gari, akauinua kidogo, na bushi iliyochanika hufunua mdomo mbele ya mashahidi. Zoezi lote hilo ni fupi kuliko hotuba ninazopewa za kunishawishi ninunue shokapu. Wala nisionekane bahili. Boli jointi ikichomoka njiani, gurudumu hulala ubavu na usukani hubaki pambo. Ndiyo maana nataka mgonjwa atajwe kwa jina badala ya ukoo mzima kulazwa.

Kwangu ilikuwa linki ya stabilaiza na bushi moja ya mkono wa chini. Shokapu zilikuwa kavu na nzima. Nilimfikishia mama mkwe taarifa hiyo kwa heshima zote, naye akanyamaza kidogo kisha akasema, “Mkwe, waambie waangalie vizuri.”

Linki zilibadilishwa pande zote mbili, kwa kuwa zimezeeka pamoja, na sikulalamika. Nililolalamikia ni ufungaji wa bushi. Boliti ya bushi ya raba hukazwa mwisho, gari likiwa limekwisha kukanyaga chini kwa uzito wake, kwa sababu ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba itabaki imesokoteka kila siku ya maisha yake na itachanika kabla ya wakati. Nilimweleza kijana aliyekuwa akifunga. “Bosi, nimefunga nyingi sana hizi,” akanijibu. Sikubishi kwamba amefunga nyingi. Nilichotaka kujua ni ngapi zilimrudia. Ikabidi nilale chini pembeni yake mpaka gari likashushwa, boliti ikalegezwa na kukazwa upya, na nilipoinuka shati langu la ofisini lilikuwa limepata grisi kuliko boli jointi zote za gari lile.

Mlio ukaisha. Hata hivyo, bushi za mikono ya chini zikibadilishwa, pembe za magurudumu huweza kuhama, na tairi zikaanza kulika upande mmoja, hivyo nilitumwa kupima alaimenti. Upande wa dereva ulikuwa umefungwa linki mpya, lakini hakuna aliyelitikisa gurudumu lake, maana upande huo haukuwa na kesi. Mwenye mashine, kabla hajafunga hata kipimo kimoja, alilikamata gurudumu hilo kushoto na kulia, akalitikisa, akalitikisa tena, kisha akaniita nikaone.

“Bosi, tairodi inacheza. Siwezi kupima juu ya kitu kinachocheza.”

Nikamwambia kwamba ninatoka gereji muda huu huu, na shati langu ni shahidi. Akainama, akamulika tochi, akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo nadhani mafundi wote hufundishwa kabla ya kukabidhiwa spana ya kwanza:

“Kwani nani alikutengenezea hii?”